Nilinadi Jogoo Huku Nikidhani Nakufa

Kanisani kwetu Jumapili ya mavuno ndiyo ndefu kuliko zote, maana siku hiyo Mungu haletewi bahasha peke yake. Watu wanakuja na mikungu ya ndizi, maparachichi kwenye ndoo, maziwa kwenye chupa za maji, na kuku waliofungwa miguu ambao wanasikiliza mahubiri chini ya benchi kwa utulivu kuliko sisi vijana. Vitu hivyo haviingii kwenye sanduku la sadaka, kwa hiyo baada ya ibada vinanadiwa nje, na mnadi ni mimi. Nilipewa kazi hiyo nikiwa kidato cha kwanza, kwa sababu mzee wa kanisa aliyeifanya kabla yangu alikuwa ananadi kabichi kama anasoma tangazo la msiba. Mimi kabichi naipa ukoo. Nasema huyu ni mtoto wa mwisho kwao, dada zake wote wameshaolewa Mbeya, amebaki yeye tu, nani anamchukua? Watu wanacheka, na mtu akicheka mkono wake unaingia mfukoni wenyewe.

Sisemi hivi kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndicho kitu kilichoniponza. Mwaka jana, nikiwa kidato cha tatu, niliugua ugonjwa usio na homa wala kidonda, na nilichokihitaji kuliko dawa yoyote ni mama yangu kuamini kwamba naumwa. Hicho tu. Nilikikosa kwa miezi minne.

Ulianza wakati wa mvua, ingawa huku kwetu Tukuyu, upande wa Lufingo, ukisema "wakati wa mvua" bado hujamwambia mtu ni lini. Jumamosi asubuhi nilikuwa nachuma chai na Mama kwenye kipande chetu, kapu mgongoni, vidole vimeganda kwa umande. Ghafla moyo ukaanza kukimbia. Hakuna nyoka, hakuna mbwa, hakuna mwalimu. Mikono ikawa baridi zaidi ya umande wenyewe, kifua kikabana, na nikawa na uhakika kabisa kwamba nakufa hapo hapo katikati ya mistari ya chai. Baada ya dakika chache ikapita. Nikaendelea kuchuma. Ningefanya nini kingine?

Siku ya tatu ikarudi darasani, kipindi cha kemia. Halafu ikawa inakuja inavyotaka. Na siku ambazo haikuja kulikuwa na kitu kingine ambacho nilikichukia zaidi, uzito. Ndizi za nazi hazina ladha, kwaya haina utamu, nikiamka naona siku nzima imeshanikalia juu kabla sijavaa viatu. Nilikuwa naenda kwenye banda la ng'ombe nalia, namfuta ng'ombe makamasi kwa bahati mbaya nikidhani najifuta mwenyewe. Nikitoka nachekesha watu.

Hapo ndipo wanapokwama wote ninaowasimulia. "Mbona ulikuwa unacheka?" Nilikuwa nachekesha, si nacheka. Nikiwa nataniana na wenzangu kile kitu kilikuwa kinasogea pembeni kidogo, kama mgeni anayempisha mwenyeji apite. Nikinyamaza kinarudi mahali pake. Kwa hiyo sikunyamaza. Kadiri nilivyozidi kuumwa ndivyo nilivyozidi kuwa kichekesho cha shule, na kadiri nilivyochekesha ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kumwambia mtu yeyote.

Mama nilimwambia. Alikuwa anamenya ndizi kwa ajili ya mchana.

"Mama, moyo unanikimbia."

"Unakimbilia wapi?"

Watu wanasema utani nimeurithi kwa marehemu baba. Waongo.

"Siyo utani, Mama. Nahisi kama nakufa."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Umesali?"

"Nimesali."

"Umesali vizuri, au umesali kama unavyofua sare?"

Sare zangu nazifua kola na mikono tu, hilo nakubali. Lakini kusali nilikuwa nasali. Sitaki mtu adhani shida ilikuwa kwamba simwamini Mungu. Shida ni kwamba nilikuwa namwamini, na nilikuwa najua yupo, na nilikuwa namwona kama mtu anayekaa ndani taa imewashwa huku mimi nagonga mlango kwenye mvua. Asiyeamini ana nafuu, hagongi.

Mama akatangaza kufunga kila Jumatano, mimi na yeye. Naomba nieleweke, mama yangu hakufanya hivyo kwa kunipuuza. Alifunga kweli. Alichuma chai bila kunywa hata maji, jioni anapiga magoti kwenye sakafu ya saruji ananitaja kwa jina langu lote la ubatizo kama Mungu ana watoto wengi wanaofanana. Mimi nami nilifunga. Matokeo yake moyo ukawa unakimbia na njaa inaukimbiza kwa nyuma.

Siku moja nikaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba nikamwambia Mungu tukubaliane. Nikasema, Bwana, siombi miujiza mikubwa, nitikisie jani moja tu la mgomba nijue umesikia. Upepo ukaja kutoka mlimani, majani yote yakatikisika. Nikamwambia hapana, nimesema moja. Nikasubiri mpaka nikalowa. Nikarudi ndani nimekasirika kuliko nilivyotoka.

Na hapa lazima nikiri jambo. Kidato cha pili niliwahi kuigiza pepo. Kulikuwa na jaribio la hesabu, na wiki ile wasichana wawili wa shule yetu walikuwa wameanguka kweli wakipiga kelele, nikaona njia imefunguka. Nikaanguka. Nikakoroma, nikasema kwa sauti nzito kwamba sisi humu ndani tuko saba. Kikundi cha maombi kikaitwa, wakaniombea vipindi viwili mfululizo, na wale saba wote walitoka kwa pamoja kengele ya chakula ilipolia. Madam wa nidhamu alinipa adhabu ya kufyeka uwanja mzima, na habari ikafika kijijini kabla yangu. Kwa hiyo nilipokuja kuumwa kweli, nilikuwa tayari nimeshatumia nafasi yangu ya kuaminiwa, tena kwa jaribio la hesabu ambalo nililifanya wiki iliyofuata nikapata sifuri.

Basi nikaona nitumie njia rasmi. Kwetu kila Alhamisi alasiri kuna ibada ya nyumba kwa nyumba, majirani kumi na kitu wanakaa sebuleni kwa mtu, wanaimba, wanasoma neno, kisha mzee wa kanisa anauliza nani ana hitaji la maombi. Siku hiyo ilikuwa kwetu. Nilikuwa nimegawa chai, nimekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Nikasimama.

"Mimi nina hitaji," nikasema. "Nina hofu ambayo sijui inatoka wapi. Moyo unaenda mbio. Naamka nikiwa nimechoka. Wakati mwingine naona bora nisingeamka. Naomba mniombee."

Halafu mama mmoja wa kwaya akaguna, "Mh! Leo wako wangapi humo ndani?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Mama mwingine akafuta machozi kwa khanga, "Jamani huyu mtoto atatuua!" Na mimi, hili ndilo linaloniuma mpaka leo, mimi nilitabasamu. Uso wangu ulifanya wenyewe, kwa mazoea. Nikamtazama Mama. Alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu, anadhani nimemchezea Mungu mbele ya wageni.

"Gwe mwana, kaa chini," mzee wa kanisa akasema. "Haya, mwenye hitaji la kweli."

Jirani akasema ng'ombe wake hajala siku ya pili. Ng'ombe yule aliombewa dakika kumi. Watu walipaza sauti, mmoja alinena kwa lugha. Nilifumba macho pamoja nao, na nilimwambia Mungu kwamba kama kesho huyo ng'ombe atakula, mimi na yeye tutakuwa na maneno. Kesho yake alikula.

Jumapili ya mavuno ikafika. Nilimwambia Mama sitaki kunadi. Akasema kazi ya Bwana haikataliwi. Nikavaa gauni la kitenge, nikaenda.

Mwanzo nilienda vizuri. Nikauza maparachichi, nikauza mkungu wa ndizi kwa kusema umeokoka na hauna mambo mengi. Watu walikuwa wengi uwanjani, jua limetoka baada ya mvua, matope yananuka joto. Nyuma kabisa, karibu na geti, alisimama mzee mmoja mfanyabiashara wa ndizi mwenye kofia iliyodariziwa na kanzu, Mwislamu ambaye ukoo wao ulitoka pwani zamani lakini yeye amezaliwa hapa hapa Tukuyu. Huja kila mwaka kwenye mnada wetu kununua mikungu ya kujazia lori lake. Hacheki sana. Huwa simpendi, maana mnunuzi asiyecheka ananikatisha stimu.

Nikapewa jogoo. Mkubwa, mwekundu, amechoka na mahubiri. Nikamwinua juu, nikafungua mdomo nimtaje sifa, na kile kitu kikaja.

Kilikuja chote kwa mara moja. Pumzi ikakatika. Uwanja ukawa mbali, sauti kama zinatoka ndani ya pipa. Nikasikia jasho linateremka mgongoni na vidole vinakufa ganzi, na maiki iko mdomoni, kwa hiyo kila mtu alisikia ninavyohema.

"Nakufa," nikasema.

Walicheka! Walicheka kuliko siku zote. Mtu mmoja akapiga kelele, "Elfu kumi na tano kabla hujafa!" Mwingine, "Kumi na nane, na mazishi juu yangu!" Nikamtafuta Mama kwa macho, nikamwona mstari wa mbele na akina mama wenzake.

"Mama," nikasema kwenye maiki. "Mama, nisaidie."

Mama yangu alikuwa anacheka. Ameshika mbavu. Siku ile hakuona aibu, aliona fahari, mtoto wake anachangamsha kanisa zima. Mzee wa kanisa, kwa kuona mnada umepamba moto na mnadi haongezi neno, akaninyang'anya maiki akamalizia mwenyewe. "Elfu ishilini! Mala ya kwanza! Mala ya pili!" Nami nimesimama pale na jogoo juu ya kichwa kama sanamu, mkono umegoma kushuka.

Aliyempata jogoo ni yule mzee wa ndizi. Akaja mbele kumchukua, na kwa sababu mkono wangu haukushuka akainua wa kwake kunisaidia, akanigusa. Akaacha. Jogoo akaanguka, akaruka na miguu yake iliyofungwa, watoto wakamkimbilia. Mzee hakumtazama. Alinishika kiganja kwa mikono yake miwili.

"Mama wa huyu binti yuko wapi?"

Mama akasogea, bado ana kicheko usoni.

"Mama, shika huu mkono."

"Ah, mzee, huyu ndivyo alivyo—"

"Ushike."

Mama akaushika. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo.

"Mkono wa mtu anayecheza hauwi hivi," mzee akasema, kwa sauti ya chini lakini maiki ilikuwa karibu. "Mtoto anaumwa. Mpelekeni hospitali."

Nilidhani hapo ndipo nimeshinda. Wapi! Njia nzima ya kurudi nyumbani Mama alitembea mbele yangu hatua kumi. Tulipofika akatua kapu kwa kishindo, akawasha moto akabandika maji ya ugali.

"Mpaka mtu wa msikitini aje aniambie mwanangu anaumwa! Mbele ya kanisa zima! Na mimi ninayekufungia kila Jumatano nionekane sina macho!"

"Yeye alinishika mkono, Mama."

"Na mimi nilifanya nini? Magoti yangu haya yametoka sugu kwa ajili yako!"

"Uliniombea. Hukunisikiliza hata siku moja. Nikikwambia moyo unakimbia, unaniuliza kama nimesali. Labda Mungu alishanisikia zamani, sijui, sina hakika na yeye. Ila wewe hukunisikia."

Nilijua nimevuka mpaka. Nilisubiri kofi, na kusema kweli kofi lingenisaidia, maana ningejua tuko wapi. Mama alikaa kwenye benchi la jikoni. Akafungua kilemba, akakifunga tena.

"Baba yako alipofariki," akasema, "mimi moyo ulikuwa unanikimbia hivyo hivyo. Nikiwa shambani, nikiwa sokoni. Nilikuwa naona kuta zinasogea. Nilimwambia mama mkwe, akasema omba. Nikamwambia mama mchungaji, akasema omba. Nikaomba. Ningefanya nini? Na unaniona, nipo. Mimi nilipona kwa maombi, mwanangu. Nikikupeleka hospitali nitakuwa namwambia Mungu hakutosha."

"Ulipona, Mama?"

Nilimuuliza bila ubishi. Nilitaka kujua. Aliangalia mafiga. Aliyaangalia muda mrefu sana, mpaka maji ya ugali yakachemka yakamwagika kwenye moto.

Jumanne tukaenda hospitali mjini. Hakusema tunaenda kwa sababu gani, alisema tu nivae vizuri. Dirishani tukaambiwa anayeshughulika na mambo hayo anakuwepo Alhamisi, kwa hiyo tukarudi na mvua yetu yote. Alhamisi tukaenda tena. Daktari alikuwa dada wa makamo, mwenye sweta. Akaniuliza ninavyojisikia, nikampa vichekesho vitatu vizuri kabisa, vya daraja la kwanza. Hakucheka. Hakukasirika pia. Alingoja tu, kalamu mkononi. Sijawahi kuchukia mtu kama nilivyomchukia yule dada kwa dakika zile mbili. Halafu vichekesho vikaniishia, nikalia mpaka sweta langu likalowa mikono yote.

Akaniambia kuna jina la hali ile, sonona, na ile ya moyo kukimbia nayo ina jina, na kwamba hazitokani na pepo wala na uvivu wa kusali. Akanipa dawa na tarehe za kurudi. Mama akauliza, kwa sauti ndogo, "Na maombi tuache?"

"Kwa nini muache, mama? Mimi mwenyewe nasali. Lakini Alhamisi mje."

Kwa hiyo sasa ibada ya nyumba kwa nyumba tunaikosa, na kanisani wote wamejua. Mnaweza kudhani mambo yamekuwa mazuri. Mambo yamekuwa ya ajabu. Zamani nilisema naumwa wakacheka, sasa natania wananihurumia. Juzi nilimwambia yule mama wa kwaya kwamba sauti yake ya kwanza inatisha ndege, utani wa kawaida kabisa, akanikumbatia akasema, "Pole, mwanangu, Mungu yupo, Kyala yupo." Mzee wa kanisa anataka nisimame nitoe ushuhuda kwamba nimepona. Nimemwambia sijapona. Akasema nitoe kwa imani. Nimemwambia kwa imani naweza kutoa sadaka, ushuhuda nitatoa nikiwa nao. Bado asubuhi nyingine ni nzito. Bado kemia inanikimbiza moyo, ingawa hiyo pengine ni kemia. Nasali, na siku nyingine naona kama nasikika na siku nyingine naona kama naongea na bati. Hakuna anayetaka ushuhuda wa namna hiyo.

Alhamisi iliyopita tulikuwa tumekaa kwenye benchi la nje ya chumba cha daktari, foleni imefika kwetu. Nikasimama. Mama akanivuta gauni.

"Kaa," akasema. "Naanza mimi."

"Kuanza nini?"

"Wewe kaa tu, we mtoto. Na usisikilize mlangoni."

Akaingia. Akafunga mlango. Nilikaa pale nimekasirika, sijui hata nimemkasirikia nani. Yeye kwa kunyamaza muda wote huo, mama mkwe wake, mama mchungaji, mimi mwenyewe niliyekuwa na miaka saba Baba alipofariki na sikuona kitu, Mungu ambaye aliona. Nikainamisha kichwa hapo hapo kati ya watu. Nikamwambia, Bwana, huyu hajui kujieleza, hajawahi kuulizwa. Mpe maneno. Usipompa nitaingia nimsemee, na unajua mimi nikishika maneno siachii.

Muda ukaenda. Babu mmoja aliyekuwa nyuma yetu, fimbo katikati ya magoti, akaanza kuguna.

"Binti, huyo mama anafanya nini humo ndani?"

"Anaongea, babu."

"Muda wote huu?"

"Ana miaka tisa ya kuongea. Egemeeni ukuta huo, babu, mpumzike."